Uhasibu ni nini kwa mwanafunzi wa sekondari anayeufikiria kama kazi?

Mtoto akitumwa dukani pale Majengo, Dodoma, na noti ya shilingi 10,000, akirudi haulizwi chenji peke yake. Huulizwa pia kila kitu kimenunuliwa kwa bei gani, na akishindwa kueleza, mama yake haridhiki hata kama chenji imetimia. Kwa Kiswahili tunasema mtoto huyo ametakiwa kutoa hesabu. Neno uhasibu limetoka katika shina hilo hilo, na maana yake iko karibu zaidi na kutoa hesabu kuliko na kuhesabu: ni kazi ya kuandika kila muamala wa fedha na mali, kuupanga kwa utaratibu unaokubalika na kuueleza, ili mtu ambaye hakuwepo fedha zilipotumika aweze kuufuatilia na kufikia jibu lile lile.

Wanafunzi wengi humchanganya mhasibu na keshia. Keshia hupokea na kulipa fedha. Mhasibu anaweza kumaliza mwezi mzima bila kugusa noti hata moja, kwa kuwa kazi yake ni kusema fedha hizo zina maana gani.

Tuchukue mfanyabiashara wa kubuni katika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, aliyeanza na mtaji wa shilingi 1,000,000. Amenunua magunia 20 ya mahindi kwa shilingi 80,000 kila moja, jumla shilingi 1,600,000. Akalipa 1,000,000 yote aliyokuwa nayo na kubaki na deni la 600,000. Kisha ameuza magunia 15 kwa shilingi 100,000 kila moja, akapata 1,500,000. Akitazama mfuko wake ataona amepata faida ya 500,000, na huenda akanunua pikipiki. Mhasibu atamwambia kwamba magunia 15 yaliyouzwa yalimgharimu 1,200,000, hivyo faida yake ni 300,000. Magunia matano yaliyobaki ni mali ya 400,000. Na deni bado linamsubiri. Ukijumlisha fedha taslimu na mahindi yaliyobaki unapata 1,900,000, na ukijumlisha deni, mtaji na faida unapata 1,900,000 hiyo hiyo. Usawa huo ndio unaoonekana katika mizania, yaani taarifa inayoonyesha mali za biashara upande mmoja na madeni na mtaji upande wa pili, na sehemu kubwa ya mafunzo ya miaka ya mwanzo ni kujifunza kwa nini pande hizo mbili lazima zilingane na nini cha kutafuta zisipolingana.

Msingi wake ni kuandika kila muamala mara mbili: kilichoingia upande mmoja, na kilikotoka upande wa pili. Utaratibu huo ulikuwa umeshazoeleka miongoni mwa wafanyabiashara wa Italia kabla ya mtawa Luca Pacioli kuueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na programu za kompyuta za leo bado zinaufuata.

Je, lazima uwe hodari wa Hisabati? Mfano hapo juu haukuhitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Vyuoni kuna takwimu na hesabu za biashara, kwa hiyo si busara kulitupa somo hilo, lakini kwa maoni yangu anayeteseka zaidi katika kazi hii ni mvivu wa kuandika, yule anayesema atajaza daftari kesho.

Kwa njia ya shule, somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu huanza sekondari ya kawaida, na kidato cha tano ipo tahasusi ya Uchumi, Biashara na Uhasibu. Asiyeendelea na kidato cha tano anaweza kuanza na astashahada, kisha stashahada, hadi shahada. Kwa wa kanda ya kati vyuo haviko mbali: Chuo cha Elimu ya Biashara kina kampasi Dodoma, na Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Singida. Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba shahada peke yake haikufanyi kuwa mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha kitaaluma cha mhasibu aliyeidhinishwa. Cheti hicho hutolewa kupitia mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ambayo makao yake makuu sasa yako hapa Dodoma.

Tofauti kati ya mhasibu na mkaguzi nayo inaonekana vizuri katika mji huu. Wahasibu wa wizara na halmashauri huandaa hesabu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi zake zimetajwa katika ibara ya 143 ya Katiba, huzipima na kutoa ripoti inayofika bungeni. Mwanafunzi anayetaka kujua kama ana moyo wa kazi hii na aombe kuwa mweka hazina wa klabu ya shule kwa muhula mmoja, atunze kila stakabadhi, kisha ampe mwenzake daftari alikague bila yeye kuwepo kulieleza.