Mji hauchomi peke yake: anga nayo ina mkono

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti 2003, joto la Paris halikushuka chini ya nyuzi joto 25.5. Mkazi wa Dar es Salaam atacheka. Kwetu huo ni usiku wa kawaida wa Februari. Unawasha feni, unalala. Lakini Agosti ile Ufaransa ilipoteza watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wazee. Miili haikuzoea, na mchana joto lilikaribia nyuzi 40.

Wengi husema kinachochoma mji usiku ni saruji na lami. Kweli, kuta na barabara hushiba jua mchana kutwa, kisha hulitoa joto polepole usiku, wakati shambani kumeshapoa. Vyumba vya Paris vilivyo chini ya mapaa ya zinki viliwaumiza sana waliolala humo. Ila mapaa hayo yapo kila mwaka. Kilichokuwa kigeni kilikuwa angani.

Mgandamizo mkubwa wa hewa uliganda juu ya Ulaya Magharibi karibu wiki mbili. Kwa desturi pepo za juu husukuma mifumo ya namna hiyo kuelekea mashariki, ikapita. Safari hii zilipinda zikauzunguka. Chini ya mgandamizo huo hewa hushuka, na ikishuka hubanwa, ikibanwa hupata joto: takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto. Mawingu hayajengeki, jua linapiga ardhi ambayo tayari ilikuwa imekauka kwa ukame, haina maji ya kuvukiza.

Kibaya zaidi, upepo hufa. Mji unaotoa joto usiku bila upepo ni chungu kilichofunikwa, na ndipo tofauti ya joto kati ya mjini na shambani huwa kubwa kuliko siku nyingine. Upepo ukivuma, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hufutika.

Huku pwani hatuna migandamizo ya kuganda namna ile. Tuna kaskazi. Upepo huu hupita juu ya bahari yenye joto na kutuletea unyevu. Jasho halikauki, na mvuke huo huzuia joto la ardhi kutorokea angani usiku. Lakini angalau unavuma. Mimi naogopa zaidi maleleji, kaskazi inapolegea na kusi bado haijashika. Upepo wa bahari wa mchana nao huwafaa zaidi walio karibu na ufukwe. Ukifika Manzese, mtaa wa Dar es Salaam ulio mbali na ufukwe, nyumba zimebanana, umeshakatika. (Bati hulaumiwa sana, lakini usiku halina kosa: ni jembamba, hupoa upesi. Kinachoendelea kukuchoma saa nne usiku ni ukuta wa tofali za saruji.)

Kwa hiyo ukisikiliza utabiri, usiishie kwenye kiwango cha juu cha joto. Tazama kiwango cha chini, kisha upepo. Nyuzi 33 zenye upepo na nyuzi 33 za shwari ni siku mbili tofauti. Shwari ikifuatana siku tatu, nne, mtoeni bibi kwenye chumba cha ndani chenye dirisha moja, alale sebuleni panapopitisha hewa, na maji yawe karibu naye.