Mfumo wa Tovuti ya Msanii: Dhana Potofu na Ukweli

Karibu kila mchoraji anayetaka tovuti ya kazi zake huanza kwa kunionyesha kiolezo, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, kilichompendeza, kisha huuliza ni mfumo gani unacho, kana kwamba mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu ya kuweka na kupanga yaliyomo kwenye tovuti, ni fremu inayochaguliwa kwa rangi yake. Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowagharimu wasanii zaidi. Sura ya tovuti hubadilishwa wakati wowote. Kilicho kigumu kubadilisha ni jinsi taarifa za kazi zilivyohifadhiwa tangu mwanzo.

Chukua mchoro mmoja wa Tingatinga: una jina lake, mwaka uliochorwa, rangi ya enameli juu ya hadibodi, sentimita 60 kwa 60, na hali yake, kwamba umeuzwa au bado upo. Mfumo unaofaa huipa kila taarifa sehemu yake ya kujazwa, ili msanii akitaka kuonyesha kazi za mwaka 2019 pekee, au zile ambazo hazijauzwa, tovuti izichambue yenyewe. Drupal, mmoja wa mifumo hiyo, imejengwa kwa fikra hiyo, na WordPress, mfumo mwingine, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, hurahisisha kuunda aina mpya za maudhui. Anayeyarundika yote hayo katika mstari mmoja chini ya picha atajuta kazi zake zikifika mia mbili, maana kila marekebisho atayafanya kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Ndiyo maana humwomba msanii aandae kwanza jedwali la kazi zake, safu moja kwa kila taarifa, na mfumo usioweza kulipokea jedwali hilo tunauacha, hata violezo vyake vikiwa vizuri namna gani.

Si kweli pia kwamba mfumo wa bure huleta tovuti ya bure. Programu ya WordPress hailipiwi, lakini jina la kikoa (anwani ya tovuti) na nafasi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) hulipiwa, na masasisho yanahitaji mtu wa kuyafuatilia. Asiye na mtu huyo ni afadhali alipie huduma kama Squarespace, ambayo hushughulikia seva yenyewe.

Wengine husema wataanza na mfumo wowote, watahamia mwingine baadaye. Si rahisi hivyo: Wix, huduma nyingine kama Squarespace, hairuhusu uihamishie tovuti yako nzima kwenye seva nyingine, na faili la kuhamishia maudhui litolewalo na Squarespace huacha baadhi ya kurasa nyuma.

Kuhusu picha, ukubwa wa faili si ubora. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress hupunguza picha kubwa hadi pikseli 2560, lakini faili asilia hubaki likijaza seva. Basi zipunguze kabla ya kuzipandisha, umwonee huruma mtazamaji anayetumia bando.

Na wale wanaoamini kuwa haidhuru kikoa kikisajiliwa kwa jina la fundi wa tovuti wanakosea vibaya: kisheria na kiutendaji, aliyesajiliwa ndiye mwenye kauli, kwa hiyo jina na baruapepe ya usajili viwe vya msanii mwenyewe, kabla hata mfumo haujasimikwa.