"Daktari, huyu ako na tonsili": tutaje mafindofindo vile yalivyo

Hiyo sentensi naisikia karibu kila asubuhi hapa kliniki Nakuru, zaidi miezi hii ya baridi ya Julai, mtu anatoka Kaptembwa ama Free Area saa kumi na mbili asubuhi na mvuke unamtoka mdomoni, anafika amembeba mtoto na anasema "huyu ako na tonsili". Na mimi huuliza pole pole, mama, tonsili zimefanya nini? Sio kumsumbua. Tonsili kila mtu ako nazo, ni tezi mbili ziko nyuma ya ulimi, moja kushoto moja kulia, na kilimi kinaning'inia hapo katikati. Kazi yake ni kunasa vijidudu vinavyoingia na chakula na hewa. Kwa hivyo ukisema mtoto ako na tonsili ni kama umesema mtoto ako na pua, bado hujaniambia anaumwa na nini.

Ugonjwa wenyewe ni mafindofindo. Wengi wetu tulilisoma hilo jina shule ya msingi kwenye msamiati wa magonjwa alafu tukaliacha huko huko darasani, na ni jina zuri sana, linakuja na "ya": mafindofindo yamemshika, mafindofindo yamefura, mafindofindo yamerudi tena. Ukikosea ngeli mbele yangu sitakukosoa, mtoto wako ni mgonjwa. Lakini ukichanganya majina hapo ndio shida inaanza. Nyanya mmoja alinipigia simu kutoka Kisumu akasema mjukuu ako na mafindofindo, nikamuuliza uvimbe uko wapi, akasema mashavuni chini ya masikio, sasa hayo ni matubwitubwi, kitu tofauti kabisa. Uvimbe wa mbele ya shingo usiouma, ambao umekaa miezi, unaweza kuwa rovu. Na dondakoo ni ile inaweka utando wa kijivu kooni mpaka mtoto anashindwa kupumua, hatari sana, ndio ile tunachanjia watoto wakiwa wiki 6, 10 na 14, tafadhali usikose hizo kliniki.

Sentensi inayonisaidia ni kama hii: "Mafindofindo yamemshika tangu Jumapili, ako na joto, hakohoi, akimeza anashika shingo." Ona vile kila kipande kina kazi. Tangu Jumapili, sasa najua ni siku ngapi. Hakohoi, hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, juu koo ikiuma pamoja na kikohozi na makamasi mara nyingi ni virusi, na virusi haviskii antibiotiki hata ukimeza kikombe kizima. Mtoto apumzike, anywe maji mengi, apewe dawa ya maumivu, na kama ni mkubwa kiasi cha kusukutua bila kumeza, nusu kijiko cha chumvi kwa kikombe cha maji ya vuguvugu. Joto bila kikohozi, tezi za shingo zimefura na zinauma, mtoto wa kati ya miaka 5 na 15, hapo nawaza bakteria anayeitwa streptokokasi. Kati ya watoto kumi wenye koo inayouma, ni kama wawili au watatu tu ndio wanakuwa na huyo.

Wiki jana kulikuwa na kijana wa darasa la tatu, amekaa kwa benchi anapangusa mate na mkono wa sweta kwa sababu kumeza kulikuwa kunamuuma. Nikamwambia fungua mdomo sema aaa, nikawasha tochi, tezi zote mbili nyekundu kama nyanya iliyoiva, na juu yake madoa meupe kama matone ya maziwa lala. Mamake akaniambia mwezi uliopita alikuwa hivyo hivyo, akanunua tembe kwa kemisti, siku ya tatu mtoto akacheza mpira basi zingine zikabaki kwa kabati.

Hapo ndio moyo wangu huuma. Penisilini ya kumeza ni siku 10, ama sindano moja ya ile inayokaa mwilini, na sababu ni moyo. Streptokokasi asipomalizwa, wiki mbili tatu baadaye mwili unaweza kuanza kujipiga wenyewe, magoti na viwiko vinauma na kufura kwa zamu, na vali za moyo, ile milango midogo inayopitisha damu, zinaharibika. Inaitwa homa ya rumatiki. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa afya duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa wa moyo unaotokana nayo, na mwanzo wake ni koo tu, koo ya mtoto aliyeacha dawa siku ya tatu.

Na tafadhali, msimpeleke mtoto akatwe kilimi. Kilimi hakileti mafindofindo, na ule wembe unaleta damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda. Kutoa tezi zenyewe ni upasuaji wa hospitali, na tunaufikiria yakirudi kama mara saba kwa mwaka mmoja, ama mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, kwa hivyo andika tarehe nyuma ya kitabu cha kliniki kila yakimshika.

Kuna sentensi moja ya mwisho. "Hawezi kumeza hata mate, mdomo haufunguki vizuri, anaongea kama amejaza ugali moto mdomoni." Hiyo inaweza kuwa jipu nyuma ya tezi, na akianza kupumua kwa kukoroma ni mbaya zaidi. Usikae nayo kwa foleni, iseme pale mlangoni kwa nesi wa kwanza utakayemwona.