George Orwell: Mjamaa Aliyeupinga Udikteta

Wasomaji wengi wa Kiswahili walimfahamu George Orwell kupitia Shamba la Wanyama, hadithi ya wanyama wanaompindua mwenye shamba kisha wakatawaliwa kidikteta na nguruwe, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa mwaka 1967, na baadhi yao hudhani kwamba mwandishi huyo alikuwa adui wa ujamaa. Ukweli ni kwamba alikufa akiwa mjamaa, na dhuluma ya kwanza kuipinga ilikuwa ya dola lake mwenyewe, yaani Uingereza.

Jina lake halisi ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 huko Motihari, India, ambako baba yake alikuwa ofisa katika idara ya kikoloni iliyosimamia kilimo cha afyuni. Mwaka 1922 alijiunga na polisi wa kikoloni nchini Burma, na baada ya miaka mitano ya kuutumikia utawala aliokuwa akizidi kuuchukia, aliacha kazi, akaenda kuishi miongoni mwa mafukara wa London na Paris.

Mwishoni mwa mwaka 1936 alikwenda Hispania kupigana dhidi ya majeshi ya Jenerali Franco, yaliyoasi dhidi ya serikali ya jamhuri, akaingia katika kikosi cha wanamgambo wa POUM, chama cha Kimarxi kilichompinga Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti. Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo, akanusurika. Kabla hajapona vizuri, chama hicho kilipigwa marufuku kwa shinikizo la wakomunisti waliofuata amri za Moscow. Wenzake walitiwa gerezani huku magazeti yakiwaita vibaraka wa Franco, naye pamoja na mkewe Eileen wakalazimika kukimbilia Ufaransa. Kwa maoni yangu, vitabu vyake vikuu viwili, Shamba la Wanyama (1945) na riwaya ya 1984 iliyochapishwa mwaka 1949, vilichipuka kutokana na uongo ule aliouona ukitungwa na watu wa upande wake mwenyewe.

Kifua kikuu kilimuua jijini London tarehe 21 Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 46. Wakati wa Vita Baridi, Shirika la Ujasusi la Marekani liligharimia kwa siri filamu ya katuni ya Shamba la Wanyama iliyotoka mwaka 1954, na mwisho wa hadithi ukabadilishwa. Katika kitabu, nguruwe wanakaa meza moja na binadamu na sura zao hazitofautishiki tena. Katika filamu, wale binadamu waliondolewa mezani. Badiliko hilo lilifuta nusu ya hoja yake, kwa sababu Orwell hakumsafisha mwenye shamba wa zamani kwa kuwalaani watawala wapya.