Salamu za modemu: maana yake, na jinsi zinavyofichua hitilafu

Salamu za modemu ni mazungumzo mafupi ambayo modemu mbili, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kupitia laini ya simu, hufanya kwa sauti mara simu inapopokewa, kabla ya data yoyote kupita. Humo hutambuana, hupima hali ya laini na kukubaliana mwendo. Ile milio na mivumo inayotoka kwenye spika ndogo ya modemu ndiyo salamu zenyewe. Ukizijua, utabaini tatizo liko wapi kabla hujafungua skrubu hata moja. Ndiyo maana nashauri spika isizimwe mpaka modemu ipone. Kama imezimwa, amri ATM1, inayoandikwa kwenye kompyuta, huiwasha hadi muunganisho ukamilike.

Laini ya simu ya kawaida ilitengenezwa kwa sauti za watu, na hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3400 hivi. Kwa hiyo modemu hugeuza data ya kompyuta kuwa sauti, na mwenzake wa upande wa pili huirudisha kuwa data.

Kwanza modemu hufungua laini, kama mtu anayeinua mkonga, ikasubiri mlio wa kupigia. Hapo ndipo wengi hukwama na kuona NO DIALTONE au, kwenye Windows, kosa namba 680. Salamu hata hazijaanza. Angalia kama waya wa ukutani umeingia kwenye tundu la LINE na si PHONE, kisha chomeka simu ya kawaida kwenye waya huohuo usikilize. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, kama ule unaoashiria kuna ujumbe wa sauti unaokusubiri, laini ni nzima ila modemu haiutambui mlio huo. Tanguliza X3 kwenye amri zake, nayo itapiga bila kuusubiri.

Ikiwa modemu haifanyi lolote, geukia kompyuta. Fungua programu ya terminali, ile ya kuiandikia modemu amri moja kwa moja, andika AT, bonyeza Enter. Jibu la OK maana yake kompyuta na modemu zinaelewana. Amri hizi zilianza na Hayes Smartmodem ya mwaka 1981 na karibu modemu zote zilizofuata zilizirithi. Kusipokuwa na jibu, kagua draiva na poti. Kwenye kompyuta za zamani, poti za COM1 na COM3 hutumia kwa pamoja IRQ 4, yaani njia moja ya kuiita prosesa, hivyo kama mausi iko COM1 na modemu COM3, mausi inaweza kuganda modemu inapoanza kupiga.

Namba ikishapigwa, upande wa pili hujibu kwa mlio mmoja mrefu wa hezi 2100. Mlio huo huiambia mitambo ya simu izime vifaa vyake vya kuzuia mwangwi, kwa sababu vingevuruga modemu. Usipousikia kabisa, upande wa pili haujapokea, au aliyepokea si modemu.

Baada ya hapo huja vipimo: kila upande hutuma sauti zinazojulikana, mwenzake akaangalia zimefika zikiwa zimeharibika kiasi gani. Sehemu hii ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Laini ikiwa safi, mvumo hutulia na spika hunyamaza. Laini ikiwa chafu, vipimo hurudiwa, mwendo hushushwa, na mwisho unaweza kupata NO CARRIER, yaani modemu zimeshindwa kuungana. Toa waya mrefu wa kuunganishia, toa simu nyingine zote ndani ya nyumba, ujaribu tena.

Usihesabu mwendo mdogo kuwa ubovu moja kwa moja. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 huahidi biti 56,000 kwa sekunde kwa kupokea tu, na kinadai laini iwe ya analogi mara moja tu njiani, kati ya nyumba na mtambo wa simu. Ikigeuzwa kuwa analogi zaidi ya hapo, modemu hurudi kwenye kiwango cha zamani zaidi cha V.34, ambacho kikomo chake ni 33,600. Ukipata 31,200 kwenye laini ya namna hiyo, modemu yako haina kosa.

Spika ikinyamaza kisha likatokea kosa 691, salamu zimekamilika. Kagua jina na nenosiri. Muunganisho ukikatika katikati ya kazi, mtuhumiwa wa kwanza ni mlio wa simu inayosubiri. Zima huduma hiyo kabla ya kupiga.

Radi nayo ni adui mkubwa, maana hupitia waya wa simu. Modemu iliyopigwa inaweza kuendelea kujibu OK huku haisikii mlio kwenye laini ambayo simu ya kawaida inausikia vizuri. Upande wake wa laini umeungua, na hakuna amri itakayoufufua: badilisha modemu.