Kubahatisha linki ni kuhaki au sio?

Umefungua risiti yako, juu kwenye adresi inaishia na 1041, ukaweka 1042, ikaja risiti ya mtu mwingine. Hapo ndo ubishi unapoanza.

Wengi wanasema kama haina pasiwedi ni ya wote, sijavunja kitu. Tatizo ni kwamba sheria nyingi haziangalii ulivunja nini. Ile ya Uingereza ya 1990 kwa mfano inauliza ulikuwa na ruhusa, na kama huna, ulikuwa unajua? Basi. Pasiwedi haitajwi kama sharti.

Halafu kuna hii ya "mbona Auernheimer aliachiwa, kwa hiyo ni halali". Hii inanichosha kweli. Mwaka 2010 huko Marekani yeye na mwenzake waligundua ukiweka namba ya laini ya iPad kwenye adresi ya kampuni ya simu ya AT&T inakurudishia imeili ya mwenyewe, basi skripti (programu ndogo inayojiendesha) ikawa inabadilisha namba tu, namba, namba, mpaka zikatoka imeili kama 114,000, na hakuna pasiwedi iliyoguswa. 2013 akala miezi 41 jela. 2014 mahakama ya rufaa ikafuta, lakini sababu ilikuwa kesi imepelekwa jimbo la New Jersey wakati wao hawakuwa huko na seva hazikuwa huko. Swali la kuhaki lenyewe halikuamuliwa, watu wanasoma kichwa cha habari wanaishia hapo.

Wengine wanajitetea, "Google ndo imenileta." Ufaransa, jamaa anayejiita Bluetouff alifikishwa na Google kwenye mafaili ya shirika la serikali, na kwa kuingia tu hakukutwa na hatia maana mlango ulikuwa wazi. Kilichomponza ni kukiri kwamba alirudi hadi ukurasa wa mwanzo, akaona unadai pasiwedi, bado akaendelea kukaa humo na kupakua. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikampiga faini euro 3,000.

Ila na wale wanaosema ukigusa namba tu umekwisha, nao wanazidisha. Nova Scotia, Kanada, 2018, kijana wa miaka 19 alishusha nyaraka kama 7,000 kutoka tovuti ya serikali kwa kubadilisha namba, polisi wakavamia kwao, ila mwezi Mei wakasema hawana msingi wa kumshtaki. Ile tovuti ilikuwa ya nyaraka za umma, za siri wenyewe serikali ndo walizichanganya humo humo, sasa yeye angejuaje?