Picha za ubongo na tabia: mbona r imekuwa kubwa hivyo?

Dhana: r (kipimo cha uhusiano, kutoka -1 hadi 1) ya 0.8 kati ya picha za MRI na alama za dodoso inaonyesha uhusiano mzito.

Kwanza uliza eneo hilo la ubongo lilichaguliwaje. Picha moja ina makumi ya maelfu ya vokseli, yaani vijisanduku vyenye upande wa milimita 2 au 3. Ukilinganisha kila kimoja na alama za wasiwasi, ukabakiza vilivyovuka p < 0.001 (nafasi chini ya moja kwa elfu ya kupata r kubwa hivyo pasipo uhusiano wowote), kisha ukatoa r ya hivyo tu, umeshajichagulia jibu. Kwa watu 20, vokseli yenye r chini ya 0.68 hivi haivuki kizingiti hicho. Basi 0.8 hiyo inatokana zaidi na kizingiti kuliko ubongo. Mwaka 2009 Edward Vul na wenzake walichapisha majibu ya waandishi wa tafiti za aina hii waliowahoji. Zaidi ya nusu walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

Tena kuna dari. Uthabiti (kiasi ambacho kipimo hurudia jibu lilelile) wa picha ukiwa 0.7 na wa dodoso 0.8, r ya kutarajiwa haizidi mzizi wa 0.56, karibu 0.75, hata kama uhusiano wenyewe ni kamili.

Chagua eneo kwa atlasi, yaani ramani ya ubongo, kabla ya kuona alama, au lichague kwa kundi moja na kulipima kwa jingine. Gawa watu, usigawe awamu za upigaji picha: awamu zote za mtu mmoja hubeba alama ileile, na makosa yake.

Dhana: watu 25 wanatosha.

Wanaweza kutosha kuonyesha eneo linaloitikia nyuso. Kwa tofauti za mtu na mtu, hapana: hata pasipo uhusiano wowote, bahati tu huipeleka r hadi 0.4 upande wowote. Uchambuzi wa Scott Marek na wenzake wa mwaka 2022, wenye data za watu wapatao 50,000, ulikuta uhusiano mwingi ni mdogo mno, na kwamba huhitaji sampuli za maelfu.

Dhana: programu imeshaondoa athari za kichwa kutikisika.

Programu hurudisha picha mahali pake, lakini ishara iliyoharibika hubaki. Watoto na watu wenye pupa hutikisika zaidi, kwa hiyo linganisha kwanza wastani wa mtikisiko na alama za tabia. Vikiambatana, una tatizo.

Dhana: amigdala (sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayohusishwa na hofu) ikiwaka, mtu ana hofu.

Huwaka pia kwa furaha na kwa vitu vigeni.

Mwisho, chora grafu ya nukta. Mtu mmoja aliye mbali na wenzake akiondolewa na r ikaporomoka, usiichapishe.